Aliyetambikiwa Angali Hai

Kwa miaka ishirini na tisa Vernita Gaines alilipwa mshahara wa kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayeachwa kituoni. Kibanda chake kilikuwa kwenye yadi ya mabasi ya shule, upande wa kaskazini wa jiji la St. Louis. Alikaa humo na redio ya mawasiliano mkononi na kahawa iliyopoa pembeni, akawapanga madereva arobaini na wawili. Theluji ianguke, basi ligome kuwaka, dereva aumwe tumbo la uongo siku ya mechi, Vernita alipata njia. Mtoto mmoja akibaki kwenye kona na begi lake, hakuigusa hiyo kahawa mpaka asikie dereva akimwambia, "Nimempata, Dada V." Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na madereva walisema hata akikutukana unajisikia umeombewa dua.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi ya pili, ile isiyo na mshahara. Kila Februari, mwezi ambao watu weusi wa nchi ile hukumbuka walikotoka na waliyoyapitia, Ukumbi wa Nyota ulifanya onyesho kila Jumamosi saa tisa alasiri. Palikuwa na mashairi, vichekesho, na mchezo mfupi kuhusu mtaa wa zamani uliobomolewa kupisha barabara kuu. Jina la Nyota waanzilishi walilitoa kwenye kitabu cha Kiswahili mwaka wa sabini na mbili, na mpaka leo wanalitamka wanavyojua wao. Mimi nimeishi nao siku nyingi na sijawahi kuthubutu kuwasahihisha. Jengo lilikuwa kanisa la Wazungu kabla hawajahama mtaa, na viti vyake ni vile vile vya mbao vinavyoadhibu makalio ya wenye dhambi.

Onyesho halikuanza bila tambiko. Vernita alitoka peke yake na jagi la maji, akasimama mbele ya chungu cha mmea wenye majani mapana, akaita majina ya waliotangulia. Kila jina alimwaga maji kidogo, na watu wote wakaitikia, "Ashe," yaani na iwe hivyo. Sakafu ina zulia, ndiyo maana maji huishia kwenye chungu. Mmea ule umeshakunywa majina ya nusu ya makaburi ya mjini, na umenawiri kuliko kitu kingine chochote ndani ya jengo.

Jumamosi ya kwanza ya Februari mwaka huo Vernita aliwaita waliofungwa minyororo na wasiojulikana majina, akawaita waanzilishi wa ukumbi, akamwita mama yake mwenyewe. Kisha akalishika jagi kwa mikono miwili.

"Bi Odessa Pruitt," akasema. "Alituchekesha miaka arobaini na saba. Mimi binafsi alinishika mkono nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikumwambia asante kama ilivyonipasa."

Akamwaga maji mengi kuliko ya wote. Watu wakaitikia, "Ashe," ukumbi mzima, na wengine wakarudia bila kuombwa. Mama mmoja alianza kulia kwa sauti. Jabari Lattimore, msimamizi wa onyesho, mwanamume mnene ambaye mama yake alimpa jina hilo enzi ambazo kila jiko la mtaa lilikuwa na kitabu cha majina ya Kiafrika, alipenga kamasi nyuma ya pazia hadi washairi wakamgeukia. Vernita mwenyewe machozi yalimtiririka, na ndani ya machozi yale kulikuwa na kitu kingine ambacho hakutaka kukitazama. Alikuwa anajisikia mwepesi. Tangu asikie kwamba Bi Odessa amekufa, alikuwa anapata usingizi.

Baada ya onyesho watu walipanga foleni ya samaki wa kukaanga na mkate, na kila aliyepita alimshika Vernita bega. "Umemzika vizuri, dada," mzee mmoja akamwambia. Vernita akaitikia kwa kichwa. Ndipo alipokuja Carlotta, mama wa makamo aliyevaa sare ya muuguzi, sahani mkononi, uso haueleweki kama unacheka au unataka kupigana.

"Dada Vernita, mimi Carlotta. Bibi yangu na Bi Odessa ni tumbo moja."

"Pole sana, mwanangu. Pole sana."

"Pole ya nini? Bi Odessa yuko hai. Jana nimemkata kucha."

Vernita alimtazama mdomo ukiwa wazi. Kipande chake cha samaki kilikuwa bado mkononi.

"Yuko kwenye nyumba ya wazee, kule juu karibu na uwanja wa ndege," Carlotta akaendelea. "Tulimhamisha mwezi wa kumi na moja baada ya kuanguka bafuni. Nani kakuambia kafa?"

Nani aliyemwambia? Hakuna mtu hasa. Mwezi wa Desemba, njia yake ya kawaida ikiwa imefungwa na theluji, Vernita alilazimika kupita mtaa wa Bi Odessa, akaona madirisha yamepigiliwa mbao na kochi la zamani limetupwa kando ya njia. Mlinda mlango wa ukumbi alisema naye alisikia mahali kwamba bibi amefariki, tena kabla ya sikukuu. Ingetosha kupiga simu moja. Mwanamke huyu aliyepiga simu ishirini kwa siku kumtafuta mtoto asiyemjua hata sura, simu hiyo moja hakuipiga, na sababu aliijua vizuri. Kama angeipiga na Bi Odessa akaipokea, ingembidi aseme lile neno.

Nalo lilikuwa hivi.

Miaka miwili nyuma, wiki chache kabla ya Februari, Jabari aliwaita wenzake wa kamati. Akasema Bi Odessa amechoka kichwani. Mwaka uliopita alianza kichekesho chake cha boksi mara tatu jukwaa lile lile, na mara zote tatu hakukimaliza. Watu walikuwa wanatazama viatu vyao kwa aibu. "Tumwache apumzike kabla hajawa kichekesho yeye mwenyewe," akasema. Wote wakakubali, na Vernita akakubali, maana ilikuwa kweli. "Nani atamwambia?" Jabari akauliza, na kamati nzima ikamgeukia Vernita.

"Nitamwambia," akasema.

Wiki ya kwanza hakumwambia, alikuwa na mafua. Wiki ya pili alimpigia, wakazungumza habari za bei ya mayai. Jumamosi ya onyesho ikafika, na asubuhi simu ikalia.

"Vernita, unanichukua saa ngapi?"

"Saa saba, Bi Odessa," Vernita akajibu, kama alivyojibu kila mwaka.

Akaondoka nyumbani saa sita na nusu, na naapa kwa niaba yake kwamba alikusudia kusimama. Alikusudia kuingia ndani, akae naye kochini, amwambie ana kwa ana. Gari lake lilikuwa jeupe lenye mlango mmoja wa bluu, mlango ulionunuliwa kwenye mabaki ya magari baada ya ajali, na madereva wa yadi walilicheka mpaka wakachoka. Akakata kona. Bi Odessa alikuwa dirishani. Alikuwa amevaa gauni jekundu la jukwaani na wigi lake refu la maonyesho, mkoba mapajani, ameketi wima. Mguu wa Vernita ulikuwa juu ya breki. Ukatoka. Gari likapita nyumba ile polepole, likafika mwisho wa mtaa, likaendelea hadi ukumbini, na Vernita akazima simu. Jabari alipouliza, akajibu, "Hajisikii vizuri." Jabari akasema labda ni afadhali. Vernita akatoka na jagi lake akaita majina ya wafu, wakati yule aliye hai amekaa na mkoba mapajani.

Kitu kimoja tu kilimpa nafuu miaka ile miwili: macho ya Bi Odessa yalikuwa na mtoto wa jicho. Hakuniona, Vernita alijiambia. Anadhani nilisahau. Kusahau ni udhaifu, kila mtu husahau. Lakini hakuenda tena kumwona, na kadiri siku zilivyopita ndivyo mguu ulivyozidi kuwa mzito. Mwisho akawa anapitia mtaa mwingine kwenda dukani.

Jumanne, saa nne asubuhi, mabasi ya asubuhi yakiwa yamerudi na ya mchana hayajatoka, Vernita alikwenda nyumba ya wazee na keki ya karameli aliyoioka mwenyewe. Korido ilinuka kabichi na sabuni. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kabla hajabisha sauti ikamtangulia.

"Ingia. Marehemu yupo."

Bi Odessa alikuwa amepungua, mifupa na macho tu, kitambaa cha zambarau kichwani. Miaka themanini na minane. Lakini ule mdomo ulikuwa pale pale, umepinda upande mmoja kama ulivyopinda siku zote akiwa na la kusema.

"Bi Odessa, sijui nianzie wapi."

"Anzia na hicho ulichobeba. Nini hicho?"

"Keki ya karameli."

"Moja?" Bi Odessa akaitazama keki, akamtazama mwenye keki. "Mtu wa umri wangu anakufa, mnaleta keki moja. Kuku yuko wapi? Makaroni yangu ya jibini yako wapi? Nimekwenda misiba ya watu ambao hata mbwa wao hawakuwapenda, na watu walikula wakafunga na ya kubeba."

Vernita akacheka bila kupenda, na kicheko kikamgeukia kilio. Akaketi ukingoni mwa kitanda akifuta uso kwa kiganja.

"Carlotta kaniambia ulilia," Bi Odessa akasema. "Sikuamini."

"Nililia."

"Na watu?"

"Walilia. Jabari alipenga kamasi."

"Jabari hata harusini anapenga kamasi, huyo haingii kwenye hesabu. Waliniitikia vipi? Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu sana, Bi Odessa. Wengine mara mbili."

"Hebu niitikie nisikie."

"Bi Odessa, tafadhali."

"Niitikie, wewe. Mimi ndiye niliyekufa."

"Ashe," Vernita akasema, kwa sauti ya chini.

Bi Odessa akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Hivyo tu? Basi ndiyo maana sijaenda."

Walikula keki kwa kijiko kimoja cha plastiki, kwa zamu. Vernita alijikaza. Alikuwa ameyapanga maneno garini, moja baada ya jingine, kama anavyopanga mabasi.

"Bi Odessa, ile Jumamosi..."

"Jumamosi ipi? Hii inayokuja? Unanichukua saa ngapi?"

Vernita akamtazama. Uso wa mzee ulikuwa mtupu, hauna lawama wala hila, umetulia kama wa mtu aliyeuliza saa. Amesahau, Vernita akawaza. Jinsi kichwa kilivyochoka, siku ile imemtoka kabisa. Akashusha pumzi, na papo hapo aibu ikamwaka mwili mzima, maana alikuwa ameshukuru ugonjwa wa mtu.

"Saa sita," akajibu. "Nitakuchukua saa sita mchana."

"Nitalipanda lile jukwaa?"

"Utalipanda."

Jabari hakupenda. Jioni ya siku hiyo alimsikiliza Vernita kwenye simu, akaguna, akauliza, "Na akipotea katikati?"

"Akipotea nitakuwepo."

"Utafanya nini?"

Vernita alijua. Alikuwa na miaka kumi na tisa siku aliyopanda jukwaa lile mara ya kwanza, na shairi la kurasa mbili kichwani. Ukurasa wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ulikataa. Alisimama kwenye mwanga, ulimi mkavu, watu mia mbili wakimsubiri, na mkojo ulikuwa karibu kumtoka. Ndipo Bi Odessa alipotokea upande wa pazia na ufagio, akafagia jukwaa kana kwamba amelipwa kufagia, akainung'unikia sakafu kuhusu vijana wa siku hizi wanavyochafua, na alipompita Vernita akamnong'oneza mstari uliofuata. Kisha akafagia hadi upande wa pili akatoka. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakapiga makofi, na Vernita akamaliza shairi lake. Hakuna mtu aliyewahi kujua, na Bi Odessa hakulitaja tena hata kwa utani.

Jumamosi Vernita alifika nyumba ya wazee saa sita kasoro robo. Bi Odessa alikuwa ameketi kwenye kiti karibu na mlango mkubwa, mbele ya dirisha linalotazama barabara. Gauni jekundu lilimpwaya mabegani. Wigi lilikuwa limekaa sawasawa. Miguuni alikuwa na soksi nene za sufu, na viatu vyekundu vya jukwaani vilikuwa mapajani mwake, ameviwekea mikono miwili juu.

"Yuko hapo tangu asubuhi, baada ya chai," msaidizi wa zamu akamwambia Vernita. "Kila kitu kavaa, viatu tu hataki. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Nimemwambia sakafu ina baridi. Ananijibu, bado."

Vernita akapiga magoti. Bi Odessa, bila neno, akamkabidhi viatu, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Vifundo vilikuwa vimevimba. Vernita alimvisha taratibu akidhani ni maumivu ndiyo yaliyomfanya asubiri, na akajisemea moyoni kwamba wiki ijayo ataleta viatu laini.

Ukumbi ulijaa kuliko Jumamosi iliyopita, maana habari za maiti kufufuka hazihitaji tangazo. Vernita alitoka na jagi. Aliwaita waliofungwa minyororo, waanzilishi, mama yake. Kisha akasema, "Wiki iliyopita nilimwita hapa mtu ambaye si wa kuitwa bado. Nilisikia maneno, sikuuliza. Naomba radhi mbele yenu na mbele yake."

"Nifufueni basi," ikasema sauti kutoka kiti cha mbele. "Mbao zinaniua tena."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu walisimama, walipiga makofi, mama aliyelia wiki iliyopita akamrukia Bi Odessa akambusu wigi. Vernita alisimama na jagi lake akitazamwa kwa huruma na upendo, dada wa watu aliyekosea kwa bahati mbaya. Walimsamehe nusu waliyoijua. Ile nusu nyingine ilibaki kifuani mwake, na kila kofi walilopiga liliizidishia uzito.

Zamu ya vichekesho ilipofika, Jabari alimshika Bi Odessa mkono hadi kwenye mwanga. Akajaribu kumletea kiti, akafukuzwa. Bi Odessa akaitazama hadhira kwa muda mrefu, kama mwalimu anayesubiri darasa litulie.

"Mnanitazama nini?" akasema. "Hamjawahi kuona mtu aliyetoka kuzimu na lipstiki?"

Wakacheka. Akawaonjesha kidogo habari za ahera, jinsi foleni ya watu weusi ilivyo ndefu hata kule. Halafu akaingia kwenye kichekesho cha boksi, chake mwenyewe, kilichojulikana mtaani kuliko namba za simu. Mama yake anatoka Arkansas kwa treni kuja mjini, enzi zile mtu mweusi haruhusiwi kukanyaga behewa la chakula. Amebeba kuku wa kukaanga ndani ya boksi la viatu, kalifunga kwa kamba. Treni nzima inanuka kuku. Anakuja kondakta Mzungu, ananusa hewa, anasimama mbele ya mama.

"Akamuuliza, 'We mwanamke, ndani ya boksi kuna nini?'" Bi Odessa akasema. "Mama akavua kofia. Akasema, 'Ni mjomba wangu, bwana. Amefariki. Tumemchoma, nampeleka akazikwe na watu wake.' Kondakta akainama, akalinusa boksi. Akanusa tena. Akasema, 'Mbona ananukia hivi?' Mama akamtazama, akasema..."

Akanyamaza.

Mwanzoni watu walidhani ni mbwembwe. Bi Odessa alikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini kimya kiliendelea, na mkono ulioshika hewa ukaanza kushuka. "Mama akamtazama," akarudia. Macho yakaenda huku na huku. "Kondakta akanusa boksi. Mama akasema..." Mtu mmoja akakohoa. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Jabari, nyuma ya pazia, alijifunika uso.

Vernita akachukua jagi lake. Akatoka jukwaani kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kazi, akauendea mmea, akaumwagilia huku akiunung'unikia kwamba una kiu ya ajabu leo. Aliporudi akapita nyuma ya bega la Bi Odessa, akanong'ona, "Alikuwa mtu mwema, bwana."

"Eh?" Bi Odessa akasema.

Vernita akanong'ona tena.

"Sema kwa sauti, masikio yangu hayajafufuka."

"Alikuwa mtu mwema, bwana," Vernita akasema, na ukumbi mzima ukasikia.

Bi Odessa akageuka taratibu, akampima kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye uliyeniua," akasema. "Sasa unataka na kichekesho changu urithi?"

Watu walianguka. Nimeona vicheko vingi katika jengo lile, lakini siku hiyo wanaume wazima walishikilia viti, na mpiga ngoma alilala juu ya ngoma yake. Kelele zilipopungua, Bi Odessa akawageukia, akainua kidole, akalitoa neno lake mwenyewe, polepole, kwa sauti ya mama yake: "Alikuwa mtu mwema sana, bwana." Na kicheko kikaanza upya.

Vernita alisimama na jagi limeinama, maji yakidondoka zuliani. Kumbe ni hili tu, alikuwa anawaza. Mstari mmoja. Palihitajika mtu mmoja anayejua maneno asimame nyuma ya pazia, na maneno yale aliyajua yeye tangu ujana wake. Kamati ilikaa saa mbili miaka miwili iliyopita kujadili aibu, na yeye, aliyefagiliwa jukwaa akiwa na miaka kumi na tisa, hakufungua mdomo kusema, "Mimi nitasimama naye."

Saa kumi na moja na nusu walikuwa garini, mwanga wa jua bado upo juu ya theluji chafu ya kando ya barabara. Bi Odessa alikuwa na sahani ya samaki mapajani, anatafuna bila haraka. Alikuwa ameshavua viatu. Vernita aliendesha hadi taa nyekundu ya pili, na pale, macho yakiwa mbele, akasema.

"Bi Odessa, miaka miwili iliyopita nilikuambia nitakuja saa saba. Sikusahau. Kamati ilinituma nikuambie usipande tena jukwaani. Nilikubaliana nao, halafu nikashindwa kukuambia. Kwa hiyo sikuja."

Bi Odessa akamaliza kutafuna. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Ulikuja," akasema.

Taa ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, na Vernita akaondoa gari bila kujua anaelekea wapi.

"Ulikuja, mwanangu. Sura za watu sizioni vizuri, ila mlango wa bluu kwenye gari jeupe nani asiuone? Nikasema, huyo kafika. Nikasimama, nikachukua koti." Alizungumza kama anayesimulia ya mtu mwingine. "Ukapita. Nikasema, anageuza gari kule mwisho. Nikasimama na koti langu nikisubiri ugeuze."

"Bi Odessa."

"Viatu vile havifai kusimama navyo muda mrefu."

Vernita aliendelea kuendesha. Alitaka kuuliza alisimama muda gani, na hakuwa na ujasiri wa kusikia jibu. Machozi yalimwingia mdomoni, akayameza. Walifika nyumba ya wazee. Akazunguka, akafungua ule mlango wa bluu, akamsaidia kushuka na soksi zake hadi kwenye kiti cha magurudumu ambacho msaidizi alikileta.

"Nisamehe," akasema.

"Umeniomba radhi mbele ya watu mia mbili. Nyingine niipeleke wapi?" Bi Odessa akamshika kidevu, akakitikisa kidogo kama alivyozoea kumfanyia enzi zile. Mkono ulikuwa na joto. "Jumamosi ijayo?"

"Saa sita kamili. Naapa, Bi Odessa, mbele ya Mungu..."

"Usiape. We njoo tu. Utanikuta pale pale dirishani, nimeshavaa kila kitu." Akavichukua viatu vyekundu, akaviweka mapajani, akavifunika kwa mikono miwili. "Viatu nitavaa gari likisimama."